Nusu ya nyumba juu ya kifusi

Kwenye vilima vya kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, fundi anayepewa kiwanja chenye mteremko huanza kazi kwa jembe na sepetu. Anachimba upande wa mlima, udongo anaumwaga upande wa ziwa, anaukanyagakanyaga, na baada ya siku chache uwanja tambarare umepatikana. Nyumba inasimama, vyumba vya nyuma juu ya ardhi ya asili, sebule juu ya kifusi. Ufa wa kwanza hutokea pale pale sehemu hizo mbili zinapokutana. Watu huuziba kwa saruji na kuendelea na maisha.

Tupige hesabu. Mteremko ni wa nyuzi 30, uwanja una upana wa mita 8. Kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, kimo kinatofautiana kwa mita 4.6. Ukichimba nusu na kujaza nusu, nyuma unabaki na ukuta wa udongo wa mita 2.3, na mbele kifusi chenye kina hicho hicho. Mchanga mkavu ukimwagwa hautulii kwa mwinuko unaozidi nyuzi 30 hadi 35 hivi. Hata tukiukadiria 35, uso wa kifusi hicho utashuka karibu mita 19, ukipima kwa mlalo, kabla ya kugusa tena ardhi ya mlima. Nani kisiwani ana mita 19 za ziada chini ya sebule yake? Basi kifusi huzuiwa kwa magunia au ukuta wa mawe, na uzima wa nyumba nzima unategemea ukuta huo.

Kaskazini mwa Idjwi miamba ni ya graniti, na graniti iliyooza huacha udongo wa changarawe na mchanga wenye mfinyanzi kidogo. Kiangazi, Juni hadi Agosti, ukiukata unasimama wima, na mwenye nyumba anauamini. Lakini kinachoushika ni mizizi, mabaki ya mwamba na unyevu mdogo ulio kati ya chembe. Mvua ikiloweza nafasi zote, unyevu ule hauvuti tena chembe pamoja, na ukuta uliosimama miezi mitatu unaweza kuporomoka kwa usiku mmoja.

Hong Kong, ambako nako graniti imeoza kwa kina, walijifunza haya kwa msiba. Tarehe 18 Juni 1972, huko Sau Mau Ping, tuta lililojengwa kwa udongo wa aina hiyo bila kushindiliwa vizuri lililowa kwa mvua ya siku kadhaa, likawa uji na kufunika makazi ya chini. Watu 71 walikufa. Agosti 1976, mtaa huo huo, tuta jingine liliua 18. Wataalamu walipolichimba walikuta udongo uliolegea. Ushauri wao ulikuwa kutoa mita 3 za juu na kuzirudisha kwa tabaka zilizoshindiliwa, na mwaka 1977 serikali ikaunda ofisi ya kusimamia miteremko.

Mji wa Bukavu, ufukweni mwa Ziwa Kivu, una somo jingine. Poromoko lake la Funu linatembea polepole, katika udongo mzito uliotokana na miamba ya volkano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia picha za miaka 70 hivi, ulionyesha kuwa kukua kwa mji kumeongeza kasi yake, kwa sababu njia za maji zimebadilishwa. Funu huonya kwa nyufa mwaka hadi mwaka. Kifusi cha mchanga hakitoi muda huo.

Kwa hiyo mimi ningeacha kabisa nusu kwa nusu. Jenga nyumba nyembamba inayolala kufuata mlima, yenye sakafu za ngazi mbili, misingi yote ikikaa kwenye ardhi isiyowahi kuchimbwa. Kanuni moja ya Marekani hudai msingi ukae nyuma ya ukingo kwa theluthi ya kimo cha mteremko, hadi kikomo cha mita 12 hivi: mteremko wa mita 15, rudi mita 5. Kifusi kikiwa hakiepukiki, kijazwe kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe ikiwa na unyevu wa kutosha kufinyangika mkononi bila kudondosha maji. Ukuta wa mawe uwe na upana wa chini usiopungua nusu ya kimo chake, na matundu ya kutolea maji.

Halafu paa. Mabati ya mita za mraba 80, mvua moja kubwa ya milimita 50, ni lita 4,000: mapipa 20 yanayodondoka mbele ya sebule, juu ya kifusi. Maji hayo yakingwe kwa mifereji na kupelekwa hadi korongo la asili lililopangwa mawe. Choo cha shimo nacho kikae pembeni, mbali na kifusi. Mfereji wa maji ya paa kwa kawaida hupita katika shamba la jirani wa chini, kwa hiyo anatakiwa kuombwa kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.