Kigeu Kinachopimwa na Kigeu Kinachodaiwa: Uhakiki wa Mjadala wa Joto na Samaki katika Ziwa Tanganyika

Fasili ya kigeu huru na kigeu tegemezi huchukua mistari michache katika sura ya mbinu za utafiti, na mara nyingi huishia hapo. Ugumu wake hujitokeza pale watafiti wanapotazama badiliko lilelile na kulihusisha na visababishi tofauti. Mjadala kuhusu kupungua kwa samaki katika Ziwa Tanganyika unaonyesha ugumu huo waziwazi. Kwa Kigoma si mfano wa darasani tu, kwani dagaa na migebuka wanaoshushwa Kibirizi, Katonga na Ujiji ni kitoweo na kipato cha kaya nyingi.

O'Reilly na wenzake (2003) wanalichukulia joto la ziwa kuwa kigeu huru. Ziwa hili lina kina cha takribani mita 1,470, na virutubisho vyake vingi vimo katika maji ya chini yasiyo na oksijeni. Maji ya juu yakipata joto na upepo ukipungua nguvu, matabaka hayachanganyiki vya kutosha. Mwani hukosa virutubisho, na samaki hukosa chakula. Kuchanganyika kwa maji ndiko kigeu cha kati kinachobeba hoja nzima. Verburg na wenzake, katika mwaka huohuo, walifikia hitimisho lenye mwelekeo huo. Hata hivyo, takwimu mbili maarufu za O'Reilly na wenzake hazina uzito sawa. Kushuka kwa uzalishaji wa mwani kwa asilimia 20 kulikadiriwa kutokana na isotopu za kaboni zilizomo katika mashapo. Kushuka kwa mavuno ya samaki kwa asilimia 30 kulikokotolewa kutokana na makadirio hayo. Ya pili ni dai lililojengwa juu ya kipimo, wala si kipimo chenyewe. Wanaoinukuu kana kwamba samaki walihesabiwa wanaifanyia kazi hiyo dhuluma.

Pingamizi la Sarvala na wenzake (2006) linagusa hapo hasa. Kwao, takwimu za mavuno zinaakisi zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko ya hali ya hewa. Hoja hii ina nguvu kwa sababu mavuno si wingi wa samaki. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa uvuvi huo hupungua au kusimama. Hivyo idadi ya kilo zinazofika mwaloni hutegemea pia idadi ya mitumbwi, ukubwa wa matundu ya nyavu, aina ya taa (karabai au za umemejua) na hata tarehe ya mwezi mwandamo. Kila kimojawapo ni kigeu cha nje kinachoweza kujificha ndani ya kigeu tegemezi. Lakini pingamizi hilo linabomoa ushahidi wa mavuno tu. Ushahidi wa mashapo linauacha ulipokuwa.

Cohen na wenzake (2016) walitafuta njia ya kuvitenganisha vigeu hivyo kwa kutumia wakati. Visukuku vya samaki katika mashapo vilionyesha kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara kuingia ziwani katikati ya karne ya 20. Kilichotokea baadaye hakiwezi kuwa chanzo cha kilichotangulia. Huu ndio ushahidi imara kuliko wote katika mjadala huu, ila una mpaka wake: unathibitisha kwamba uvuvi haukuanzisha kupungua, hauonyeshi ni sehemu gani ya upungufu wa baadaye imetokana na nyavu. Vigeu viwili vikipanda pamoja kwa miongo kadhaa, mpangilio wa wakati pekee hautoshi kugawa lawama.

Udhaifu huo unahusu sera moja kwa moja. Tanzania ilisitisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Katika tathmini ya hatua hiyo, kishawishi kikubwa ni kulinganisha mavuno ya kabla na ya baada ya kufungwa. Ulinganisho huo una kasoro ya msingi: miezi hiyo ndiyo ya kiangazi, ambapo upepo wa kusini-mashariki huvuma na kuchochea uchanganyikaji wa maji. Mavuno yakiongezeka baadaye, sifa inaweza kuwa ya katazo, ya upepo, au ya mitumbwi mingi kurejea ziwani kwa pamoja. Tathmini inayoaminika ingelinganisha miezi ileile katika miaka ambayo ziwa halikufungwa, ingehesabu mavuno kwa kila chombo kwa kila usiku wa kuvua, na ingeweka kando usiku wa mbalamwezi. Bila hayo, mvuvi aliyekaa miezi mitatu bila kipato hawezi kuambiwa kwa uhakika kama subira yake iliongeza samaki.