Yethro Tunayemsahau

Sura ya 18 ya Kitabu cha Kutoka husomwa sana kwenye semina za viongozi wa parokia. Viongozi wengi wa jumuiya ndogo ndogo hapa Matai wameisikia zaidi ya mara moja. Musa anaamua mashauri ya watu peke yake, baba mkwe wake Yethro anamwonya, Musa anachagua wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, na kazi inakuwa nyepesi. Mwezeshaji anaandika ubaoni: gawa majukumu. Tunanakili, tunakunywa chai, tunarudi nyumbani.

Sina ugomvi na kugawa majukumu. Ugomvi wangu ni na usomaji wa namna hii, kwa sababu unachukua jibu la Yethro na kuliacha tukio lenyewe. Tukio ni kwamba Musa alikuwa hajui. Huyu ni mtu aliyesikia sauti katika kijiti kinachowaka, akasimama mbele ya Farao, akavusha taifa zima baharini. Lakini katika sura hii yote Mungu hasemi naye moja kwa moja hata neno moja. Ujuzi anaouhitaji unatoka kinywani mwa kuhani wa Midiani, mtu wa taifa jingine, mgeni aliyefika jana.

Tazama pia namna mgeni huyo anavyofundisha. Kwetu baba mkwe akija kukutembelea, hafiki akaanza kukosoa mji wako mbele za watu. Yethro naye alipokewa, akala chakula, akalala. Kesho yake akatazama kazi ya mkwewe. Ndipo akauliza swali: mbona wewe umekaa peke yako na watu wote wamesimama?

Swali hilo ndilo kiini cha sura, na semina zetu hulipita haraka. Musa amekaa. Watu wamesimama, tangu asubuhi hata jioni. Yethro anapoonya kwamba watachoka, anawataja wote wawili, Musa na watu walio pamoja naye. Sisi tunasikia la Musa tu, tunamwonea huruma kiongozi aliyelemewa na kazi. Mwenye shauri la mbuzi wake, aliyesimama juani kutwa nzima na kuambiwa arudi kesho, hatumwoni. Yeye ndiye aliyekuwa akilipia kile ambacho Musa alikuwa hajajifunza.

Hapo ndipo ninapoona sababu ya kiongozi kuendelea kuwa mwanafunzi. Tumezoea kuliita jambo hili unyenyekevu, kana kwamba ni pambo la roho yake mwenyewe, akilikosa hasara ni yake. Mimi nadhani ni suala la haki. Mkulima asiyejua hupoteza shamba lake. Kiongozi asiyejua hupoteza mashamba ya watu.

Mfano wetu wa karibu ni Mwalimu Nyerere, ambaye tangu mwaka 2005 Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Mahubirini tunamtaja kwa uadilifu wake na kwa sala zake, na ni haki yake. Ila tunamsimulia kama mtu aliyejua siku zote, na hivyo tunapoteza sehemu ya maisha yake ambayo kiongozi wa leo angefaidika nayo kuliko zote.

Mwaka 1972 serikali yake iliondoa serikali za mitaa. Mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Hoja ilikuwepo: vyama vingi vilikuwa na wizi na uzembe, na sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikwisha kufanya kijiji chenyewe kiwe kama chama cha ushirika. Lakini ujuzi wa ushirika nchini haukuwa wa kubahatisha. Paul Bomani na wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wamejenga vyama vyao tangu miaka ya 1950, kwa mizani yao na makarani wao. Nyumba yenye panya ilibomolewa ili kufukuza panya.

Kwa mikoa ya mahindi kama Rukwa, mnunuzi akawa Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo halikuwa na uwezo wa kubeba mzigo huo wote. Sehemu nyingi za nchi wakulima walikabidhi magunia yao wakabaki kungojea malipo. Anayejua umbali kutoka uwanda huu hadi Dar es Salaam, na barabara za wakati ule, hahitaji kuelezwa maana ya kungojea. Hao nao walikuwa wamesimama tangu asubuhi hata jioni.

Mwaka 1982 sheria zilipitishwa kurudisha ushirika na serikali za mitaa. Mwaka 1984, angali rais, Mwalimu alihojiwa na jarida moja la Uingereza, akasema wazi kwamba kama angeanza upya yapo mambo asingeyafanya, akayataja haya mawili, na kukiri kuwa hawakuwa na subira wala ujuzi. Mapema zaidi, mwaka 1977, katika kijitabu chake cha kupima Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, alikuwa ameandika kwamba nchi bado si ya kijamaa wala haijajitegemea. Ni viongozi wachache wanaotathmini kazi yao wenyewe namna hiyo wakiwa bado kwenye kiti.

Namsifu kwa hilo, lakini sifa hiyo isifiche bei yake. Kutoka 1976 hadi 1982 ni miaka sita, yaani misimu sita ya mahindi. Chama kilichovunjwa kwa tamko moja hakirudi kwa sheria moja: makarani wameshatawanyika, na imani ya mkulima imeondoka nao. Mwalimu alijifunza, na ukuu wake ninauona hapo. Lakini alichelewa, na waliolipia kuchelewa kwake ni watu ambao kauli zao zilikuwepo tangu mwanzo, kama zingesikilizwa.

Sasa turudi kwa Musa, maana kuna jambo ambalo sijapata kulisikia mahubirini. Katika sura ya kwanza ya Kumbukumbu la Torati, Musa mzee anawasimulia watu habari ile ile ya wakuu wa maelfu na mamia. Anasema aliona hawezi kuwachukua peke yake, akawaambia wachague watu wenye hekima, nao wakakubali. Yethro hayumo. Wafafanuzi wana maelezo yao kuhusu mapokeo mawili yaliyoandikwa kwa nyakati mbalimbali, nami siyapingi. Lakini msomaji wa kawaida akiziweka sura hizi mbili kando kwa kando ataona kitu anachokifahamu: wazo la mgeni limekuwa wazo la kiongozi.

Parokiani tunafanya hivyo kila mwaka. Mama mmoja wa jumuiya anatoa wazo barazani baada ya rozari. Wazo linapanda hadi kamati, na linaposomwa mbele ya waamini limekuwa la mwenyekiti. Tukiamua kuanzisha shamba la mradi, tunamwita mtaalamu na vipeperushi vyake, jambo jema, lakini bibi aliyelima ntumba maisha yake yote, anayejua majani yafukiwe lini chini ya tuta ili ulezi usitawi, yupo kiti cha nyuma na hakuna anayemuuliza. Asiyetajwa mara ya kwanza hasemi mara ya pili. Kiongozi naye anabaki anadhani watu hawana la kusema.

Katika sura ya 10 ya Kitabu cha Hesabu Musa anaagana na Hobabu, ndugu wa ukoo wa mkewe, naye Mmidiani. Wingu la Bwana lipo juu ya kambi, linawaongoza. Hata hivyo Musa anamsihi asiondoke, kwa sababu anajua mahali pa kupiga kambi jangwani, awe kwao kama macho. Hobabu alikwisha kukataa mara moja. Musa anamsihi tena, na safari hii anamwahidi fungu katika mema yote watakayoyapata. Kitabu hakituambii Hobabu alijibu nini. Mstari unaofuata, watu wako njiani.