Gofu Juu ya Kigongo cha Vipingo

Mtu akikuambia kwamba kiwanja fulani cha gofu ni cha "linksi", mwulize kwanza chini ya nyasi kuna nini. Waskoti walilitumia neno hilo kwa ardhi ya mchanga iliyo kati ya bahari na mashamba, ardhi iliyokataa jembe ikaachiwa kondoo na sungura. Pale St Andrews mchezo ulichezwa karne nyingi kabla hajatokea mtu wa kujiita mchoraji wa viwanja. Mchanga hunywa maji upesi, nyasi zake ni nyembamba, uso wa ardhi hukaza. Basi mpira ukianguka hautulii, huendelea kukimbia. Upepo nao haukatizwi na miti. Mchezaji mwenye akili huupiga mpira chini chini, ukafuata mabonde madogo mpaka karibu na kibendera. Vilima vyenye upara, mashimo ya mchanga na majani marefu ya pembeni, ambavyo ndivyo hupigwa picha, ni mavazi tu. Mwili wenyewe ni huko kukimbia kwa mpira.

Kwa hiyo linksi ya bara ni jambo gumu, ingawa linawezekana. Waingereza waliligundua hilo walipokwenda kwenye nyika za mchanga karibu na London, wakapata Sunningdale mwaka 1901 na Walton Heath mwaka 1904. Mwaka 1995 kilifunguliwa Sand Hills huko Nebraska, katikati ya Marekani, mbali kabisa na bahari. Wajenzi wake, Bill Coore na Ben Crenshaw, walihamisha udongo kidogo sana. Kazi yao kubwa ilikuwa kutembea na kutafuta njia zilizokuwapo tayari. Miaka mitatu baadaye, kando ya Ziwa Michigan, Pete Dye alichukua uwanja tambarare uliowahi kutumiwa na jeshi, akarundika vilima vya mchanga kwa mitambo. Whistling Straits kinapendeza sana. Mimi hunikumbusha mwalimu mwanafunzi anayepamba ubao kwa chaki za rangi siku ya mkaguzi.

Huenda ni Upare unaosema ndani yangu. Wazee wetu hapa Mamba na milima ya jirani walichimba mifereji na ndiva bila kipimo chochote cha mzungu. Waliusoma mteremko, wakaufuata, na maji yakafika shambani.

Kwa jicho hilo nilikwenda Vipingo Ridge, kaskazini ya Mombasa, kwa mwaliko wa mpwa wangu anayecheza. Yeye alibeba fimbo zake, mimi nikabeba fimbo yangu ya uzee, tukatembea mashimo yote 18. Kiwanja hicho kiitwacho Baobab kilichorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, mshindi wa Kenya Open ya mwaka 1989, na mwaka 2019 wanawake wa mzunguko wa Ulaya walishindania hapo taji lao la Kenya. Hakiko ufukoni. Kiko juu ya kigongo, ndani ya nchi, katika ardhi iliyokuwa ya mkonge. Bahari unaiona kwa mbali. Mimi niliyekua nikitazama mistari ya mkonge kule bondeni Ndungu nilijihisi si mgeni.

Uzuri wake ni kwamba mchoraji aliwaachia kazi upepo na kigongo. Mibuyu imebaki ilipoota. Upepo wa bahari hupanda bila kizuizi, na shimo lililokuwa rahisi asubuhi huwa jingine alasiri. Nilifundisha walimu kutunga maswali, nikawa nawaambia kwamba swali zuri humpa kila mtoto mahali pa kuanzia: mwepesi apate la kuhatarisha, mzito apate njia ndefu lakini ya halali. Penye uwazi ule kiwanja hiki huuliza hivyo. Mzee asiye na nguvu huuburuza mpira wake kwa hatua tatu, kijana hurusha kwa moja, nao hukutana.

Maji yakiingia mchezoni swali hubadilika. Bwawa halina njia ya kuburuza mpira. Linauliza jambo moja tu, unaweza kurusha au huwezi. Na nyasi laini zinazonyweshwa humeza ule mkimbio niliousema. Zamani klabu nyingi za bara, kwa ukosefu wa maji, zilizungushia mashimo yao "brauni", yaani mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya magari. Ulikuwa uso usiopendeza, lakini mkavu na wenye kasi. Kwa tabia ulikuwa karibu na Scotland kuliko zulia lolote la kijani, na ningependa mchoraji mmoja wa leo aufikirie tena, bila ya mafuta.

Jambo jingine halimo katika ramani ya mchoraji. Uwanja mkongwe wa St Andrews ni ardhi ya umma. Jumapili kwa kawaida haichezwi gofu, na watu wa mji hutembea juu yake na watoto na mbwa wao. Vipingo tuliandika majina getini.