Mcheza Kwao Hutuzwa: Tuzo za Hollywood Katika Mizani

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutuzwa." Methali hii ni fupi, na kwa sababu ya ufupi wake watu wengi huipita mbio. Ndani yake mna mambo matatu: pana mchezo, pana kwao, na pana tuzo. Mtu akicheza au akiimba vizuri mbele ya jamaa zake, mtazamaji huinuka kitini, akamwendea hadharani, akambandika noti pajini au akamtia mkononi. Anayetuza huonekana na wote, anayetuzwa huonekana na wote, na sababu ya tuzo kila mtu ameisikia kwa masikio yake.

Hiyo ndiyo mizani tutakayoitumia katika makala haya. Tunataka kuzipima tuzo za filamu zilizovuma kuliko zote duniani, yaani zile za Hollywood nchini Marekani, katika zama ambazo kampuni chache kubwa zilitawala kazi yote ya sinema, tangu miaka ya 1920 hadi miaka ya 1950. Wanafunzi wetu hulisikia jina la Oscar likitajwa kama kwamba ni kipimo kilichoshuka kutoka mbinguni. Yafaa wajue kwamba kipimo hicho kilitengenezwa na watu, na watu hao walikuwa na haja zao.

Katika zama hizo kampuni ya filamu ilikuwa kama shamba la bwana mkubwa. Mwigizaji alifungwa kwa mkataba wa miaka mingi. Mtunzi aliandika alichoagizwa. Na kampuni kubwa zilimiliki hata majumba ya kuonyeshea filamu, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu dhidi yao mwaka 1948. Mwishoni mwa mwaka 1926 mafundi wa studio walifaulu kupata mapatano na matajiri wao kwa njia ya vyama vyao vya wafanyakazi. Louis B. Mayer, mkuu wa kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, aliona hatari: kesho waigizaji, waongozaji na watunzi nao wangedai vyama. Mwaka 1927 akawaita wenzake, na kukaundwa Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu, ambamo tajiri na mwajiriwa wangeketi pamoja na kumaliza mambo yao kindugu. Tuzo zilikuja baadaye kidogo. Zilitolewa mara ya kwanza tarehe 16 Mei, 1929, katika Hoteli ya Roosevelt, mbele ya wageni wapatao 270. Shughuli ya kuzitoa ilichukua kama robo saa tu, na washindi walikuwa wamekwisha kujulikana miezi mitatu kabla.

Basi tuzo hizi hazikuzaliwa uwanjani mwa ngoma. Zilizaliwa mezani pa tajiri. Wafanyakazi wenyewe walilitambua hilo. Mwaka 1936 mtunzi Dudley Nichols, aliyeshinda kwa maandishi ya filamu The Informer, alikataa kuipokea tuzo yake, kwa kuwa chama cha watunzi kilikuwa katika mgogoro na Akademia hiyo. Alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo.

Hata hivyo, mhakiki mwadilifu hana budi kutaja mema pamoja na maovu. Sanamu ya Oscar, iliyobuniwa na Cedric Gibbons na kufinyangwa na George Stanley, ni ya shujaa mwenye upanga, amesimama juu ya gurudumu la filamu lenye mataruma matano. Mataruma hayo huwakilisha waigizaji, waongozaji, watayarishaji, mafundi na watunzi. Hilo ni wazo jema sana. Mtazamaji wa kawaida humwona mwigizaji tu. Hajui nani alishika kamera, nani alikata na kuunga picha, nani alinasa sauti. Akademia iliwatoa watu hao gizani ikawapa heshima mbele ya wenzao. Hapo tuna la kujifunza.

Lakini je, heshima hiyo ilimfikia kila aliyecheza? Tumtazame Hattie McDaniel. Baba yake alizaliwa mtumwa, akapigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Yeye alianza kwa kuimba, kisha akaingia katika filamu, na humo akapewa kazi ileile mara nyingi: kuigiza mtumishi wa nyumbani. Katika Gone with the Wind ya mwaka 1939 aliigiza yaya wa Kimarekani Mweusi anayeitwa Mammy, hata jina lake halisi halijulikani.

Iko sehemu karibu na mwisho wa filamu hiyo ambayo ingetosha kumpa tuzo. Mtoto wa nyumba ile amekufa kwa kuanguka na farasi, na baba yake amekataa azikwe. Mammy anapanda ngazi pamoja na Melanie, rafiki wa nyumba, huku akimsimulia msiba. Sauti yake inakwenda na hatua zake, inakatika na kurudi, mpaka mtazamaji anasahau kwamba huyu ni mtumishi anayeeleza habari za mabwana. Tunamwona mtu mzima aliyelea watu wale na sasa anabeba huzuni ambayo wenyewe imewashinda. Maneno aliyopewa yalikuwa madogo. Ukubwa aliuleta mwenyewe.

Filamu ilipozinduliwa Atlanta mnamo Desemba 1939, McDaniel hakuhudhuria, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa jimbo la Georgia. Tarehe 29 Februari, 1940, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike, akawa mtu Mweusi wa kwanza kuipata tuzo ya Akademia. Miongoni mwa aliowashinda alikuwamo Olivia de Havilland, aliyeigiza Melanie. Karamu ilifanyika katika Hoteli ya Ambassador, Los Angeles, ambayo haikuwa ikiwapokea watu Weusi. Mtayarishaji David O. Selznick ilimbidi aombe ruhusa ili mshindi aingie. Wenzake wa filamu waliketi pamoja; yeye aliwekwa kwenye meza ndogo ya pembeni, karibu na ukuta. Kutoka meza hiyo aliinuka, akatuzwa, akarudi palepale. Baada ya hapo aliendelea kupewa kazi za utumishi. Ilipita miaka 24 kabla ya Sidney Poitier, mwaka 1964, kupata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume.

Hapa methali yetu inapata mtihani. McDaniel alicheza, na alituzwa. Ila pale palikuwa kwao? Tuzo ilimkiri fundi, ukumbi ukamkana mtu.

Wala habari hii haikuishia Marekani. Kampuni ileile ya Mayer ilileta kamera zake Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo kutengeneza King Solomon's Mines, iliyotoka mwaka 1950. Mwaka 1951 filamu hiyo ilipata tuzo mbili: moja kwa Robert Surtees kwa upigaji wa picha za rangi, nyingine kwa wahariri wake. Hatusemi hawakustahili, maana picha zile ni nzuri mno. Lakini nchi iliyopigwa picha ni yetu na ya jirani zetu. Tena, badala ya okestra, filamu hiyo ilitegemea ngoma na nyimbo za Waafrika. Waigizaji Waafrika wachache waliotajwa, kama Kimursi na Siriaque, waliandikwa kwa jina mojamoja likifuatwa na la kabila, kama vielelezo vya makumbusho. Katika mataruma matano ya lile gurudumu, mpiga ngoma hakuwa na lake. Hao walicheza kwao hasa, na tuzo ikapita juu ya vichwa vyao.

Tuhitimishe. Tuzo humpima anayetoa kama inavyompima anayepokea. Kibao alichopewa McDaniel alikirithisha Chuo Kikuu cha Howard, kikapotea, na Akademia ikatoa kingine mwaka 2023, miaka 71 baada ya kifo chake. Kurekebisha ni jambo jema, ingawa hakumrudishi mtu kwenye meza aliyonyimwa.

Nasi tunatoa tuzo: katika mashindano ya shule, katika matamasha ya ngoma, na katika Tamasha la Filamu la Zanzibar lililoanza miaka ya 1990. Kabla ya kutaja mshindi, tujiulize ni nani ameketi pembeni, na ni nani ambaye jina lake halikuandikwa. Na mwalimu akipata nafasi ya kuwaonyesha wanafunzi filamu yoyote ya zamani iliyopigwa katika nchi hizi, awape kazi moja: wahesabu Waafrika wanaoonekana, kisha wahesabu majina yao. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni somo tosha la siku moja.