Ushujaa na Desturi ya Kuomba Hifadhi katika Utendi wa Iliad

Wahakiki wengi wanapojadili ushujaa katika tendi za Kigiriki za kale huanzia kwenye uwanja wa vita. Kwa mtazamo wao, shujaa ni mtu anayeua, anayemvua adui deraya, na ambaye jina lake hudumu baada ya kufa kwake. Mtazamo huu si potofu, ila haukidhi haja ya kuufasiri utendi wa Iliad kwa ukamilifu. Utendi huu wa Homer, wenye vitabu 24 na mishororo ipatayo 15,700, haufungwi kwa ushindi wa yeyote. Matukio yake yanaanza pale baba mmoja, kuhani Chryses, anapokuja na fidia kumwomba mfalme Agamemnon amrudishie bintiye, naye akafukuzwa kwa vitisho. Yanakoma baada ya baba mwingine, mfalme Priam wa Troy, kwenda na fidia kwa Achilles kuomba maiti ya mwanawe Hector, naye akapokewa. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa desturi ya kumpokea mwombaji hifadhi ndiyo mizani ambayo kwayo utendi huu unaupima ushujaa wenyewe.

Kwanza inafaa tubainishe namna maadili ya kishujaa yanavyofanya kazi katika jamii inayosawiriwa. Dhana tatu za Kigiriki ni za msingi hapa: timê, yaani heshima anayopewa mtu na wenzake, geras, fungu la nyara linalotengwa ili liwe ushahidi wa heshima hiyo, na kleos, sifa inayoendelea kuvuma vinywani mwa watu baada ya mwenyewe kufariki. Dhana zote tatu humtegemea mtu mwingine, kwani hakuna shujaa awezaye kujipa mwenyewe heshima. Sarpedon, kiongozi wa Walycia, anaueleza mkataba huu waziwazi katika kitabu cha 12. Anamkumbusha mwenzake Glaucus kwamba nyumbani kwao wamepewa viti vya mbele, nyama bora, vikombe vilivyojaa na mashamba mazuri. Kwa hiyo ni wajibu wao kusimama mstari wa mbele vitani. Anaongeza kuwa lau binadamu angeweza kuepuka uzee na mauti, yeye asingepigana kamwe. Ushujaa basi ni mabadilishano: jamii hutoa mali na heshima, naye shujaa hutoa uhai wake.

Mabadilishano haya yanavunjika katika kitabu cha kwanza, Agamemnon anapomnyang'anya Achilles mateka Briseis, aliyekuwa fungu lake la heshima. Katika kitabu cha 9, wajumbe watatu, Odysseus, Phoenix na Ajax, wanamletea Achilles ahadi ya mali nyingi: vyungu saba vya miguu mitatu, talanta kumi za dhahabu, masufuria 20, farasi 12, wanawake saba wa Lesbos, Briseis mwenyewe, na hata miji saba. Achilles anakataa. Anasema kuwa mwoga na jasiri wanapata heshima iliyo sawa, na kwamba ng'ombe na vyungu hupatikana tena, lakini roho ikishatoka hairudi. Adam Parry, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1956, alidai kuwa Achilles hapa amekwisha kuutilia shaka mfumo mzima wa jamii yake, ila hana lugha nyingine ya kuusemea isipokuwa ile ile ya mfumo huo. Hoja hii imewaathiri wahakiki wengi, nasi tunakubali kuwa inaeleza vyema uchungu wa hotuba hiyo. Hata hivyo, inamfanya Achilles aonekane kana kwamba amesimama nje ya desturi zote. Utendi wenyewe unatupa ushahidi tofauti.

Ushahidi huo tunaupata katika desturi ya kuomba hifadhi. Mwombaji huinama, hushika magoti ya anayeombwa, na pengine hugusa kidevu chake. Kwa kitendo hicho hujivua heshima yake mbele ya mwenziwe, na Zeus mwenyewe ndiye mlinzi wake. Tukumbuke kuwa Iliad umejengwa juu ya misingi ya fasihi simulizi. Utafiti wa Milman Parry miongoni mwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia katika miaka ya 1930, ulioendelezwa na Albert Lord katika The Singer of Tales (1960), ulidhihirisha jinsi msimulizi anavyotegemea fomula na matukio yanayorudiwarudiwa. Hadhira iliyokwisha kuzoea tukio la mtu kushika magoti hulitazamia kila linapokaribia. Kwa sababu hiyo, badiliko lolote katika tukio hilo hubeba maana nzito.

Kitabu cha 6 kinafaa kuchunguzwa kwa makini kuhusiana na jambo hili. Mwanzoni mwake Adrestus, askari wa Troy, anamshika Menelaus magoti na kumwahidi fidia. Menelaus anakaribia kukubali, lakini Agamemnon anafika mbio, anamkemea ndugu yake na kumuua mateka huyo. Baadaye kidogo Diomedes na Glaucus wanakutana ili wapigane, kisha wanagundua kuwa babu zao, Oeneus na Bellerophon, waliwahi kuwa mwenyeji na mgeni kwa siku 20. Papo hapo wanashuka kwenye magari yao, wanashikana mikono na kubadilishana deraya, ya dhahabu yenye thamani ya ng'ombe 100 kwa ya shaba yenye thamani ya ng'ombe tisa. Katika kitabu hicho hicho, Andromache anamsimulia mumewe Hector jinsi Achilles alivyomuua Eetion, baba yake, pamoja na ndugu zake saba. Lakini, anasema, Achilles hakuivua maiti ya Eetion deraya; aliiteketeza kwa taadhima pamoja na silaha zake na kuifukia kwa kilima. Mamake Andromache naye alimwachilia baada ya kupokea fidia.

Maelezo haya, yanayotolewa na mjane mtarajiwa wa kambi ya adui, yana uzito wa pekee. Yanadhihirisha kuwa kabla ya ugomvi na Agamemnon, Achilles alikuwa mlinzi wa desturi. Mporomoko wake unaonekana baada ya kifo cha Patroclus. Katika kitabu cha 21, Lycaon, mwana wa Priam, anamshika magoti. Achilles aliwahi kumteka kijana huyu na kumuuza Lemnos kwa thamani ya ng'ombe 100. Lycaon anamkumbusha kuwa aliwahi kula chakula chake. Achilles anajibu kuwa zamani alipenda kuwahurumia watu wa Troy, lakini tangu Patroclus alipokufa hakuna atakayenusurika, kisha anamuua. Katika kitabu cha 22, Hector anapokata roho haombi uhai, anaomba maiti yake irudishwe kwao. Achilles anakataa, hata ikipimwa kwa dhahabu. Hapa mpiganaji amefikia kilele cha nguvu zake, naye shujaa amefikia kina cha upungufu wake.

Tunapofika kitabu cha 24, kwa hiyo, kitendo cha Priam cha kushika magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe kinamrudisha Achilles kwenye desturi aliyokuwa akiijua. Mhakiki anaweza kupinga kuwa Achilles hana hiari yoyote hapa, kwani Zeus amekwisha kumwagiza kupitia kwa mamake Thetis aitoe maiti hiyo. Pingamizi hili lina mashiko, ila linaeleza sehemu tu ya tukio. Agizo la Zeus lilihusu maiti na fidia. Zeus hakumwagiza Achilles alie pamoja na mzee huyo kwa kumkumbuka Peleus, baba yake mwenyewe, wala aiinue maiti kwa mikono yake na kuilaza, wala amkaribishe Priam chakula, wala aulize mazishi yatahitaji siku ngapi ili asimamishe vita. Aidha, hasira yake haijatoweka, kwani anamwonya Priam asimchokoze. Fidia nayo anaipokea, tena anamwahidi marehemu Patroclus fungu lake. Mfumo wa heshima na mali unabakia. Kilichobadilika ni kuwa umewekwa chini ya huruma.

Hata hivyo, tusiitukuze desturi hii kupita kiasi. Mwishoni mwa usiku huo huo, utendi unatuambia kuwa Achilles alilala, na kando yake alilala Briseis. Katika kitabu cha 19 tulimsikia mwanamke huyu akiomboleza, akikumbuka mumewe aliyeuawa na Achilles na ndugu zake watatu waliokufa. Katika mashindano ya mazishi ya Patroclus, kitabu cha 23, mshindi wa mieleka alitengewa chungu chenye thamani ya ng'ombe 12, naye aliyeshindwa akatengewa mwanamke mwenye thamani ya ng'ombe wanne. Chryses alimwombea bintiye na Priam akamwombea mwanawe. Briseis hana wa kumwombea, kwa kuwa wote ambao wangeweza kufanya hivyo wamekwisha kuuawa. Huruma ya desturi inafika pale tu ambapo pana baba mwenye fidia mkononi.

Tumejaribu kuonyesha kuwa Iliad haumpi msomaji shujaa wa kuigwa moja kwa moja. Unampa kipimo, na kwa kipimo hicho Agamemnon anashindwa tangu mwanzo, naye Achilles anashindwa kwa muda mrefu kabla ya kufaulu kwa usiku mmoja. Utendi unakamilika kwa mazishi ya Hector, adui, katika siku ambazo Achilles ndiye aliyeahidi kuzilinda. Siku ya kumi na mbili vita vitaanza tena.