Maji Yamefika Wapi?

Kila Ijumaa asubuhi, pale Ngamiani, Tanga, bibi yangu alifungua pindo la kanga, akatoa sarafu mbili tatu, akamtuma mjukuu aliye karibu awapelekee maskini mlangoni pa msikiti. Hiyo ndiyo sadaka. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba mama wa Kiyahudi naye, Ijumaa jioni kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato, hutia sarafu katika kikopo cha maskini, na kwamba tendo hilo kwa Kiebrania ni tsedaka. Katika vitabu vya manabii neno hilo ni haki. Maana ya kutoa ilikuja baadaye, na haki haikutoka ndani yake.

Tangu hapo nawawaza sana wafasiri, wanaoyavusha maneno kama hilo. Fundi wa jahazi utamkuta ufukweni na tezo yake, utamsifu. Mfasiri haonekani; kazi yake ikiwa nzuri, msomaji hudhani Daudi alizaliwa Pangani.

Mmisionari Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844, na baadaye akafika hadi kwa mfalme Kimweri, Usambara. Kule Unguja, mmisionari Edward Steere alipozitaka Zaburi, Sheikh Abdulaziz al-Amawi, kadhi na mwanachuoni, alijitolea kumtafsiria kutoka Kiarabu. Steere aliona Kiswahili cha sheikh ni cha kisomi mno kwa haja yake, akaendelea mwenyewe, na Zaburi zikachapwa mwaka 1871. Lakini hebu watazame wawili hao: Mwislamu na Mkristo, wanahangaikia maneno ya Myahudi.

Kisha akaja mmisionari Karl Roehl, aliyeishi Usambara na kuandika sarufi ya Kishambaa mwaka 1911. Akisaidiwa na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, alitoa Biblia nzima ya Kiswahili mwaka 1937. Aliona Kiswahili kimelemewa na Kiarabu, akayapunguza maneno ya asili hiyo na kutafuta ya Kibantu. Subira yake naiheshimu, lakini hapo naona alikosea. Maneno tuliyopewa na Kiarabu ni binamu wa Kiebrania: damu ni dam, roho ni ruakh, mauti ni mavet, malaika ni malakh, binadamu ni ben adam. Ukimfukuza binamu mlangoni, nani atakusimulia habari za nduguye?

Chukua nafsi, ambayo kwa Kiebrania ni nefesh. Zamani neno hilo lilikuwa uhai, lilikuwa mtu mwenyewe, na lilikuwa pia koo, njia ya pumzi. Katika Zaburi ya 69 mtu anayezama analia kwamba maji yamemfika hapo. Anayemtafsiria msomaji wa Tanga ana maneno mawili mkononi. Akiandika nafsi, binamu anabaki nyumbani, na huzuni ya ndani inabaki naye, ila koo limepotea. Akiandika shingo, mvuvi wa Moa anaelewa papo hapo, maana maji ya shingo tunayataja hata kwa deni la dukani. Lakini mtu mwenyewe, yule wa ndani, kaachwa nje.

Nimeujaribu mstari huo usiku mwingi, kwa penseli. Naandika shingo, naifuta, naandika nafsi.