Tukio Kama Swali: Uhakiki wa Vichocheo vya Utunzi wa Papo kwa Papo katika Ushairi wa Kiswahili

5.1 Utangulizi

Katika madarasa ya fasihi na katika warsha za uandishi, mwanafunzi aghalabu hupewa agizo fupi: sikukuu imewadia, mvua ya kwanza imenyesha, jirani amejaliwa mtoto, tunga beti nne kabla kipindi hakijaisha. Agizo la namna hii litaitwa hapa kichocheo cha utunzi. Dhidi yake huweza kutolewa pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba zoezi hilo ni la kigeni, limeletwa na vitabu vya kiada vya ng'ambo, na halina mizizi katika ushairi wa Kiswahili. Ya pili ni kwamba utungo uliozaliwa na tukio hufa pamoja na tukio, hasa ukitungwa kwa haraka.

Pingamizi ya kwanza haihitaji kujibiwa kwa urefu. Katika kibati cha Pemba watu hujibizana papo kwa papo kwa kasi ambayo hakuna darasa linaloweza kuidai. Katika gungu la mwambao, mmoja hufunga fumbo na mwenzake hutakiwa kulifungua. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji, na humo shairi la mmoja liliweza kuwa kichocheo cha shairi la mwingine katika toleo la baadaye. Kutunga kwa kuchokozwa ni kongwe kuliko shule.

Pingamizi ya pili ina uzito. Makabati ya shule na ya ofisi za umma yamejaa mashairi ya sikukuu ambayo hakuna aliyeyasoma tena baada ya turubai kukunjwa. Hata hivyo, baadhi ya tungo zinazoheshimiwa zaidi katika lugha hii zilitokana na tukio moja, la siku moja, lililomhusu mtu mmoja. Sehemu hii inatetea hoja kwamba tofauti baina ya makundi haya mawili haitokani na ukubwa wa tukio wala muda aliopewa mtunzi. Inatokana na kichocheo chenyewe: kama kimeacha jambo ambalo bado halijajibiwa, au kama kimekuja na jibu lake mfukoni.

5.2 Kichocheo chenye mtu

Mfano wa awali unaostahili kuzingatiwa ni wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeaga dunia yapata 1840. Hichens, aliyeihariri diwani yake mwaka 1940, alimsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Sifa hiyo imerudiwa mara nyingi hata ikapoteza makali, na huenda inawadhulumu waliomtangulia. Lakini inaeleza jambo la kweli kuhusu vichocheo vyake. Muyaka alitunga kwa sababu Mazrui wa Mombasa walikuwa wakishindana na Seyyid Said, kwa sababu Zahidi Mngumi wa Lamu alikuwa amesema neno lililohitaji kujibiwa, kwa sababu ya mapenzi, deni, au rafiki aliyegeuka. Kila mara kuna mtu upande wa pili. Kichocheo hakikuwa mada kama "vita" au "urafiki". Kilikuwa kauli ya mtu anayejulikana kwa jina, anayesubiri jibu, na ambaye angecheka endapo jibu lingekuwa dhaifu.

Historia ya matini yake inatoa ushahidi wa kinyume pia. Mashairi hayo yalidumu kwa muda mrefu katika vichwa vya watu kabla ya kukusanywa na Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua mwishoni mwa karne ya 19. Safari hiyo ilihifadhi beti nyingi lakini mara nyingine ikaliacha tukio njiani. Abdulaziz (1979) alilazimika kueleza mazingira ya tungo nyingi ndipo zisomeke. Pale ambapo mazingira hayo hayakupatikana, msomaji wa leo hubaki na jibu bila swali: anauona ustadi wa vina, anahisi kwamba kuna mtu anasemwa, lakini hajui ni nani wala kwa kosa gani. Wahakiki huelekea kuita hali hiyo fumbo, na kuihesabu kuwa sifa ya fani. Katika baadhi ya tungo, kinachoitwa fumbo ni kichocheo kilichopotea tu, na mhakiki mwangalifu hana budi kutenganisha mafumbo aliyoyakusudia mtunzi na giza lililoletwa na muda.

Uwepo wa mtu upande wa pili ndio unaoeleza kasi. Mara nyingi hudhaniwa kwamba mtunzi wa papo kwa papo ana kipaji kisichoelezeka. Kipaji kipo, lakini sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa na mpinzani. Anayejibu shairi la tarbia hukabidhiwa bahari, mizani kumi na sita zilizogawanyika nane kwa nane, na mara nyingi vina vyenyewe, kwani ni ungwana na pia ni ubabe kumjibu mtu kwa vina vyake. Hukabidhiwa pia hoja ya kupinga. Kilichobaki kutafutwa ni upande wake wa neno. Mwanafunzi aliyeambiwa atunge "kuhusu Krismasi" hana hata kimoja kati ya hivi: hana bahari, hana vina, hana mshindani. Amepewa jina la siku. Akishindwa, huambiwa hana kipaji.

Tungo za wasia nazo zina mtu, ingawa si mpinzani. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na anayezungumziwa ni bintiye. Tukio ni la nyumbani kabisa: mama kitandani, mwana aketi karibu, na muda ni mchache. Shaaban Robert alifuata njia hiyo katika Utenzi wa Hati aliomwandikia binti yake. Hapa swali lililoachwa wazi halisemwi, nalo ni zito kuliko la malumbano: je, mtoto atayashika haya mzazi akiondoka? Hakuna ubeti unaoweza kulifunga swali hilo, na pengine ndiyo sababu matini hizi zimesomwa na watu wasiohusiana na familia hizo.

Uchaguzi nao ni tukio. Katika ushindani wa Lamu wa miaka ya 1974 na 1975, mashairi yaliyojulikana kama Kimondo yalitungwa, yakajibiwa na kusambazwa kwa kanda za kaseti. Kura zilikwisha kuhesabiwa zamani na wengi wa wasomaji wa leo hawana habari na wagombea. Tungo hizo bado zinajadiliwa kwa sababu zilitungwa wakati matokeo hayajajulikana, na wasiwasi huo umo ndani ya lugha yake.

5.3 Sikukuu iliyokuja na jibu

Sikukuu ya kitaifa ni kichocheo cha aina nyingine. Mwaka 1968, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwaita washairi na kuwaomba watumie sanaa yao kueneza siasa ya ujamaa. Mathias Mnyampala aliitikia kwa kuiendeleza ngonjera, na Ngonjera za UKUTA zilitoka 1970, baada ya kifo chake. Tangu hapo ngonjera imekuwa mgeni wa kudumu wa sherehe: watoto waliovaa sare, safu mbili, upande usiojua ukiuliza na upande unaojua ukijibu, hadi safu zote mbili ziungane katika ubeti wa mwisho.

Ingekuwa rahisi kuibeza fani hii, na wapo waliofanya hivyo. Ngonjera ilichukua umbo la malumbano, ambalo nguvu yake yote ni kutojua nani atashinda, kisha ikaamua mshindi kabla ya kuanza. Hilo ni tatizo la kifani, na si la kisiasa peke yake. Hata hivyo, umbo lenyewe halikubali kutawaliwa kikamilifu. Ili mjinga wa ngonjera aaminike, mtunzi hana budi kumpa hoja. Na akimpa hoja nzuri, hadhira humpenda. Anayesema kwamba jembe linachosha, kwamba mjini kuna taa, kwamba kisomo cha jioni kinamnyima usingizi, anasema jambo ambalo wengi waliokaa chini ya turubai wanalijua. Anayemjibu anasema jambo ambalo wamelisikia redioni. Anayetaka kupima ustadi wa mtunzi wa ngonjera asome kwanza beti za upande unaoshindwa.

Jinsi jibu lililotangulia linavyoingia ndani ya utungo inaonekana vizuri katika kina. Neno "uhuru" lina mizani tatu na huishia kwa "-ru". Mtunzi mwenye haraka anayelijengea shairi lake juu ya kina hicho hujikuta mara moja na "nuru" na "shukuru". Mishororo miwili ifuatayo imebuniwa kwa ajili ya uchambuzi tu:

Leo siku imefika, bendera yatoa nuru,
Na sote twafurahika, kwa Mola tunashukuru.

Arudhi haina kasoro: mizani zimetimia, vina vya kati na vya mwisho vimeshika. Hakuna kosa la kuandika chini yake. Lakini ghala hilo hilo la "-ru" lina maneno mengine, nayo hayako mbali:

Leo siku imefika, duka lina msururu,
Sukari imetoweka, muuzaji, "Ni ushuru."

Ukwapi wa kwanza ni ule ule, siku ni ile ile, na mtunzi hakutumia muda zaidi. Jozi ya pili si bora kwa sababu inalalamika. Shairi la malalamiko nalo lina mazoea yake na huchosha upesi. Ubora wake ni kwamba mishororo yake haijulikani kabla ya kusomwa, na msomaji anataka kujua aliyesimama kwenye msururu alimjibu nini muuzaji. Katika jozi ya kwanza hakuna anayetaka kujua lolote zaidi. Kina hakimlazimishi mtunzi kuwaza hivi au vile. Kinamwekea mezani nuru na ushuru kwa pamoja. Anayeondoa ushuru mezani ni mwenye sherehe, na mara nyingi mtunzi humwondolea kabla hajaombwa.

Hapa panahitajika tahadhari. Zipo sherehe ambazo jibu lake halina shaka na bado tungo zake zinaishi. Maulidi ya Barzanji husomwa kila Mfungo Sita, na hakuna msikilizaji anayengoja kusikia jambo jipya. Anakuja kwa ajili ya kurudia. Kurudia ndiko ibada. Kipimo kilichopendekezwa hapa hakifai kwa tungo za aina hiyo, na kukilazimisha kungekuwa kukosa adabu na pia kukosa usahihi. Shairi la Siku ya Uhuru, kwa upande wake, hutungwa upya kila mwaka, na kwa kutungwa upya linaahidi kwamba lina jambo la mwaka huu.

5.4 Kitu kidogo cha kila siku

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba udogo wa kichocheo si udhaifu umo katika Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyotungwa gerezani kati ya 1969 na 1972, mara nyingi juu ya karatasi za msalani. Mtu aliyefungwa kwa kuandika Kenya: Twendapi? angetarajiwa kuanza na maneno makubwa. Badala yake, mashairi mawili yanayosomwa sana yamebeba majina ya vitu ambavyo mwalimu yeyote angeweza kuvitoa darasani: "Jipu" na "Telezi". Jipu linauma, utelezi unaangusha. Kila mtu amewahi kuvipata vyote viwili. Wasomaji wengi huvitafsiri moja kwa moja kuwa nchi na siasa yake. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini huja mapema mno. Kabla ya kuwa nchi, jipu ni jipu, na swali lake ni la mwenye nalo: litumbuliwe au lingojewe liive? Nguvu ya kisiasa ya shairi inatokana na swali hilo la mwilini kubaki swali. Lingetungwa chini ya agizo "tunga shairi kuhusu dhuluma", mtunzi angepewa jibu badala ya kidonda.

Kwa mantiki hiyo, agizo la darasani linaweza kurekebishwa bila kuongeza hata dakika moja. Asubuhi ya Idi, mtoto mmoja amezunguka nyumba tatu na hakupata mkono wa Idi. Tunga beti mbili anazomwambia nduguye njiani. Mgeni rasmi wa Siku ya Wakulima amechelewa saa tatu na ngonjera imekwisha kusemwa mara mbili. Mjibu anayesema tungoje. Ndani ya maagizo haya kuna mtu, kuna anayemsikiliza, na kuna jambo lisilojulikana mwisho wake.

Ugumu unaobaki ni wa usahihishaji. Endapo mwongozo unagawa alama kwa arudhi na kwa kuoana na mada, jozi mbili za "-ru" zilizotolewa hapo juu zitapata alama sawa za arudhi. Chini ya kipengele cha mada, msahihishaji mwenye karatasi nyingi na muda mchache atakuta katika jozi ya kwanza bendera, furaha na shukurani, na katika ya pili sukari. Mwanafunzi aliyeandika ya pili ndiye atakayepunguziwa.